Wanawake wawili na vitu vya kutupwa

Wasikilizaji na wasomaji wetu wa Lulimba, na ninyi ndugu mliohama vijiji vyenu, wengi mliona ile fulana nzito ya kuzuia risasi ambayo askari wa MONUSCO walivaa kabla ya kuondoka Kivu ya Kusini mwaka 2024. Uzi unaotumika katika nyingi za fulana kama zile unaitwa Kevlar. Aliyeuvumbua ni mwanamke.

Stephanie Kwolek alizaliwa Marekani mwaka 1923. Alitaka kuwa daktari, lakini pesa ya masomo ilikosekana. Mwaka 1946 aliingia kampuni ya DuPont kama mkemia, akisema atakusanya pesa kidogo halafu arudi shuleni. Alibaki miaka 40.

Mwaka 1964 alikuwa anatafuta uzi mwepesi na mgumu wa kutia ndani ya matairi. Siku moja mchanganyiko wake ukatoka majimaji, wenye ukungu, kama maziwa yaliyotolewa siagi. Kwa desturi mchanganyiko wa kufanya uzi huwa mzito na unang'aa. Huu ungemwagwa tu. Hata fundi wa mashine ya kusokota aliukataa, akiogopa utaziba matundu. Mama huyu alisisitiza mpaka fundi akakubali. Uzi uliotoka ulishinda chuma cha uzito uleule mara 5! Lakini haki ya uvumbuzi ilibaki kwa kampuni. Alifariki mwaka 2014, na wengi waliopona risasi hawakujua jina lake.

Karibu na sisi, Nairobi, yuko Nzambi Matee. Mwaka 2017 aliacha kazi ya kuchambua takwimu, akafungua maabara ndogo nyuma ya nyumba ya mama yake. Alitafuta namna ya kuchanganya plastiki iliyotupwa na mchanga ili apate matofali ya kutandika chini, yale tunayoita pave. Majirani walilalamika kwa kelele ya mashine. Akawaomba wamvumilie mwaka mmoja. Tofali la kwanza peke yake lilimchukua miezi 9. Baadaye kiwanda chake, Gjenge Makers, kiliweza kutoa matofali 1,500 kwa siku, na mwaka 2020 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa likampa tuzo.

Nasikia mara nyingi hapa kwetu, hasa pesa ya shule ikipungua, kwamba kemia na fizikia ni za wavulana, msichana aache. Mimi sikubali.

Jambo moja kwa mama na vijana walio kambini: msiyeyushe plastiki kwenye moto wa jikoni mkiiga habari hii. Moshi wake ni sumu. Dada Matee hachomi. Anapasha moto kwa mashine, tena anachagua aina ya plastiki. Chupa za maji, kwa mfano, hazitumii.