Chanjo ya kansere ya shingo la kizazi: kwa nini anapewa mtoto asiye mgonjwa?

"Mtoto wangu ana miaka kumi na hana ugonjwa. Munataka kumuchoma sindano ya ugonjwa wa wamama, juu ya nini?" Hapa Luena swali hili linarudi kila tunapozungumuzia chanjo ya kansere ya shingo la kizazi. Ni swali la haki. Mzazi anayeuliza vile hakatai, anataka kuelewa mbele ya kutoa mtoto wake. Tujibu pole pole.

Ugonjwa unatoka wapi?

Kizazi ni fasi mtoto anakomalia mu tumbo la mama. Sehemu yake ya chini, ile inayofungukia mu njia ya kuzalia, ndiyo shingo la kizazi. Kansere ya pale haitoki ku ulozi wala ku laana ya ukoo. Karibu kila mara inaletwa na virusi vinavyoitwa HPV. Munganga wa Ujerumani, Harald zur Hausen, ndiye aliyeonyesha jambo hilo, na mu mwaka 2008 alipewa zawadi ya Nobel.

HPV inapita mu mambo ya mwanaume na mwanamke. Watu wengi sana wanaipata mu maisha yao bila kujua. Kwa hiyo tusimwite mgonjwa malaya: mama mwaminifu anaweza kuipata kwa bwana wake, na bwana aliipata zamani, mbele ya ndoa.

Mara nyingi mwili unaifukuza wenyewe mu muda wa miaka miwili. Lakini kwa wamama wengine inabaki, na inaanza kuharibisha. Kufika ku kansere inaweza kuchukua miaka 15 mpaka 20. Kwa mwenye kinga zaifu, kama mwenye virusi vya SIDA asiyepata dawa, inaweza kuwa miaka 5 mpaka 10 tu. Wakati huo wote hakuna maumivu. Ndiyo sababu wengi wanafika hospitali wakati ugonjwa umekwisha kuenea. Kutoka Luena, matibabu ya namna ile ni safari ya Kamina ao Lubumbashi, ni kuuza vitu vya nyumba, ni kuacha watoto kwa majirani. Mu mwaka 2022, wamama karibu 350.000 walikufa na kansere hii duniani, wengi mu inchi maskini.

Kwa nini miaka 9 mpaka 14?

Chanjo hii haiponeshi. Inafundisha askari wa mwili kumujua adui mbele hajaingia. Kama virusi vimekwisha kuingia, chanjo haivifukuze. Kwa hiyo anayefaidika zaidi ni msichana asiyeanza kujua mwanaume, na mu umri ule mwili unaitika kwa nguvu. Hiyo si ruhusa ya kuanza uhuni. Unapofunga mlango usiku, haiko kumwita mwizi.

Zamani walitoa sindano mbili ao tatu. Mu Desemba 2022, shirika la afya duniani OMS lilikubali kwamba sindano moja inaweza kutosha kwa wasichana. Uchunguzi uliofanyika Kenya kwa wasichana wa miaka 15 mpaka 20 ulisaidia kuonyesha hivyo. Msichana mwenye virusi vya SIDA anaomba mbili kwa uchache, na bora zaidi tatu.

Maneno yanayotembea

"Itafunga uzazi." Hapana. Wachunguzi wa OMS waliangalia jambo hili, hawakuona kifungo kati ya chanjo na ugumba. Kinachoweza kunyima mama uzazi ni kansere yenyewe, maana mara nyingine wanganga wanalazimika kutosha kizazi chote.

"Wanatujaribia sisi waafrika." Chanjo ilianza kutumiwa mu mwaka 2006 kwa watoto wa inchi tajiri. Kule Uingereza, wasichana waliopewa nafasi ya kuchanjwa wakiwa na miaka 12 na 13 walikuja kuwa na kansere hii pungufu kwa 87 kwa mia. Jirani zetu wameianza zamani: Rwanda mu 2011, Uganda mu 2015, Tanzania mu 2018, na Zambia, ngambo ya Kasumbalesa, mu 2019.

"Inaingiza virusi mu mwili." Ndani hamuna virusi vizima. Muna kitu kinachofanana na ganda la virusi tu, ganda tupu haliwezi kuambukiza mutu.

Kile kinachoweza kuonekana ni mkono kuuma, kichwa kuuma, homa kidogo. Wengine wanazimia kwa woga wa sindano, basi mtoto akae dakika 15 mbele ya kuenda. Msichana mwenye mimba anangoja mpaka azae.

Na mama mwenyewe?

Chanjo ya binti haimkingi mama yake. Tena hata binti aliyechanjwa, akikomaa, atapimwa, maana chanjo haizuii kila aina ya HPV. OMS inaomba mwanamke aanze kupimwa akiwa na miaka 30, na mwenye virusi vya SIDA akiwa na miaka 25. Kuna kipimo kimoja rahisi: munganga anapakaa siki ku shingo la kizazi, sehemu iliyoharibika inageuka nyeupe. Ikionekana mapema, inaweza kuchomwa kwa baridi ao kwa moto, mbele haijawa kansere.

Usingoje siku ya kupima kama unaona damu kisha kulala na bwana, damu kati ya miezi, damu baada ya kukoma miezi, ao maji yenye harufu mbaya. Enda mara moja.

Cha kuuliza ku santre ya afya

Uliza infirmie maswali manne: chanjo ya HPV imefika ku santre yetu? Binti wangu iko mu umri? Atachomwa sindano ngapi? Na mimi, ninaweza kupimwa wapi? Akichanjwa, chunga karata yake vizuri. Wababa pia, hii habari ni yenu: mara nyingi neno lenu ndilo linaruhusu mtoto kwenda ao linamuzuia.