Lami, Mpira na Roketi

Kurusha roketi kwa baruti ni jambo la kale, lililojulikana kwa Wachina tangu karne nyingi zilizopita. Lakini baruti iliyoshindiliwa ndani ya bomba ilikuwa na ila moja, ambayo mafundi wa California, walipoanza mwaka 1941 kufunga roketi ndogo kwenye ndege ili ziruke upesi, waliijua kwa vishindo. Ikikaa ghalani, ikapatwa na joto la mchana na baridi ya usiku, huingia nyufa. Na kila ufa ni mahali papya pa kushika moto, hata hewa huzidi ndani ya chuma kuliko kinavyoweza kustahimili, nacho hupasuka.

Aliyeondoa dhiki hiyo ni Jack Parsons, mtu asiyekuwa na shahada yoyote ya kemia, ambaye mwaka 1942 aliacha kushindilia unga, akayeyusha lami, ile ile ya kuezekea mapaa, akaikoroga na potasiamu perklorati, chumvi ichukuayo oksijeni ya kuwashia moto, kisha akaimimina bombani igande humo. Lami nayo, kwa kuwa hulainika juani na kupasuka baridini, haikudumu. Ndipo Charles Bartley akajaribu mpira wa majimaji wa kampuni ya Thiokol, ambao ukishaganda hushikamana na ukuta wa chuma na kunyumbuka. Katikati likaachwa tundu la umbo la nyota, ili moto uanzie ndani kwenda nje, na eneo liwakalo lisibadilike sana mpaka fueli iishe. Kwa rai yangu, ustadi wa kazi hii umo katika gundi kuliko katika moto.

Fueli yabisi hukaa tayari, wala haihitaji mitambo ya kuifanya oksijeni kuwa majimaji. Kwa hiyo Wataliano waliweza kurusha roketi ya Scout kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, na tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, wakapandisha satelaiti iliyoitwa Uhuru.

Roketi saidizi kubwa, kuanzia zile za roketi ya Titan IIIC mwaka 1965, ziliundwa kwa pingili. Zile za vyombo vya Shuttle, kila moja ikiwa na takriban tani 500 za fueli isiyozimika ikishawashwa, zilitengenezwa Utah na Thiokol hiyo hiyo, zikasafirishwa kwa reli hadi Florida, na huko zikaungwa, maungio yakizibwa kwa pete za mpira. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Januari 1986 wahandisi wa kampuni walionya kwamba baridi huufanya mpira kuwa mgumu, usiwahi kuziba. Wakuu wao wakaruhusu safari, na Shuttle iliyoitwa Challenger ikaangamia na watu 7 baada ya sekunde 73. Ikaongezwa pete ya tatu, vikafungwa vipasha joto kuzunguka maungio, na Septemba 1988 safari zikaanza tena.