Usakinishaji wa mifumo miwili ya uendeshaji

Usakinishaji wa mifumo miwili ya uendeshaji ni kuweka mifumo miwili katika kompyuta moja, kila mmoja katika sehemu yake ya diski, ili mtumiaji achague mmojawapo anapowasha kompyuta. Kwa kawaida mfumo wa zamani hutangulia na mpya hufuata. Makala hii inaeleza hali iliyo ngumu zaidi, yaani kuongeza mfumo wa zamani mahali ambapo mpya upo tayari. Mfano ni Windows XP (2001) na Windows 7 (2009).

Sababu

Printa au programu ya zamani huenda isifanye kazi katika mfumo mpya. Kwa shule au ofisi ya kijijini, kwa mfano katika kata ya Kigwa, Wilaya ya Uyui, mkoani Tabora, mfumo wa pili huweza kuokoa gharama ya kununua kifaa kingine.

Kinachotokea

Kompyuta inapowashwa, programu ndogo iitwayo kianzishi hutafuta mfumo na kuupakia. Kianzishi cha XP ni NTLDR. Cha Windows 7 ni BOOTMGR. BOOTMGR huweza kuiita NTLDR, lakini NTLDR haiijui Windows 7. Kwa hiyo XP ikisakinishwa mwisho, huweka kianzishi chake mahali pa kile kipya, na kompyuta huwaka katika XP peke yake. Mtu anaweza kudhani Windows 7 imefutika akafomati diski nzima, na hapo ndipo kazi zake hupotea kweli. Kumbe mafaili yalikuwa palepale; kilichokosekana ni njia ya kuyafikia.

Utaratibu

1. Nakili mafaili muhimu kwenye diski ya nje. Hakikisha umeme hautakatika katikati ya kazi.
2. Ndani ya Windows 7, punguza sehemu kubwa ya diski kwa Disk Management, kisha tengeneza sehemu mpya. GB 20 zinatosha kwa XP.
3. Washa kompyuta kwa CD ya XP na uchague sehemu hiyo mpya tu.
4. Washa kwa DVD ya Windows 7, fungua zana za ukarabati, na utoe amri bootrec /fixmbr, kisha bootrec /fixboot.
5. Rudi Windows 7 na uiongeze XP kwenye orodha ya kuwashia kwa programu ya bcdedit.

Tahadhari

- XP ya kawaida ya biti 32 haiwezi kuwaka kutoka diski iliyogawanywa kwa mfumo wa GPT.
- Diski ikiwa katika hali ya AHCI, CD ya XP huenda isiione.
- XP hufuta alama za urejeshaji zilizowekwa na Windows 7.
- Microsoft iliacha kuihudumia XP tarehe 8 Aprili 2014. Ni salama zaidi kutoiunganisha na intaneti.

Njia mbadala

Programu kama VirtualBox huendesha mfumo wa zamani ndani ya dirisha la mfumo mpya, bila kugusa kianzishi. Njia hii huhitaji kumbukumbu zaidi, lakini hatari yake ni ndogo.