WARAFIKI WAWILI KATIKA SHAMBA LA BWANA: DAUDI OKELO NA JILDO IRWA



Parokia inapofanya Jubile, ni desturi kuhesabu makanisa yaliyojengwa na kutaja Wapadri waliotangulia. Ni jambo jema. Lakini katika miji mingi, mbele ya Padri kufika, mukatekista alikuwa amekwisha kufika, tena mara nyingi pamoja na mwenzake. Kwa hiyo tunataka kukumbusha hapa habari ya vijana wawili wa Uganda, inchi jirani, ambao imani yao iliutia urafiki wao nguvu hata mauti haikuuvunja.

Daudi Okelo alizaliwa kwa mwaka wa 1902 hivi, katika watu wa Payira. Jildo Irwa kwa mwaka wa 1906 hivi, katika Labongo. Wote wawili walikuwa Waacholi, lakini si wa ukoo mumoja, na wazazi wao hawakuwa wakristu. Waliokutanishwa na misioni ya Wakomboni kule Kitgum, Padri Cesare Gambaretto alimubatiza Daudi tarehe 1 Juni 1916, na Jildo tarehe 6 ya mwezi ule ule. Tarehe 15 Oktoba wakapewa Kipaimara siku moja. Hawakunyonya ziwa moja, lakini sasa walikuwa na Baba mumoja.

Mwanzo wa mwaka wa 1917, Antonio, mukatekista wa Paimol, alikufa. Paimol ilikuwa mbali, kilometa 80 hivi; vita vya koo havikukosa, na wafanya biashara walileta bunduki toka Etiopia. Daudi alijitoa kushika nafasi ya marehemu, na Jildo akataka kumusaidia. Padri hakuwaficha hatari. Alipomuuliza Jildo itakuwa namna gani wakiuawa, mutoto alijibu pasipo kusita kwamba wataenda mbinguni. Alisema tena kwamba Daudi ni mwenye nguvu, naye atakaa pamoja naye.

Mwisho wa mwaka ule wakafika Paimol. Kila alfajiri Daudi alipiga ngoma kuita wakatekumeni kwa sala, kisha yeye na mwenzake walisali Rozari. Daudi alikuwa mutulivu, mwenye haya. Jildo alikuwa mucheshi, akiwakusanya watoto kwa michezo na kuwaleta kwa mafundisho. Kile kilichopungua kwa mumoja, mwingine alikitimiza.

Katika Oktoba 1918 fujo ilitokea, sababu serkali ya Waingereza ilikuwa imekata sehemu ya utawala wa Paimol na kuwapa wengine. Waliochukia dini mpya walipata nafasi. Kati ya tarehe 18 na 20, kungali giza, watu watano walikuja kwa nyumba ya wakatekista. Muzee wa muji aliwazuiza, akisema vijana hawa ni wageni wake. Daudi akatoka mulangoni, akamusihi muzee asijiingize katika shauri lile. Waliposhindwa kumuachisha kazi ya kufundisha, walimuburuta inje, wakamuchoma mikuki.

Jildo alikuwa na miaka 12 hivi. Naye aliambiwa aache mafundisho na kuondoka. Akajibu kwamba hawakufanya kosa. Walikuja pamoja, walifundisha neno la Mungu pamoja, basi sababu iliyomuua Daudi ni yake vilevile. Akauawa karibu ya nyumba.

Tarehe 20 Oktoba 2002, kule Roma, Papa Yoane Paulo wa Pili aliwatangaza Wenye heri, wote wawili siku moja, kama vile walivyopata Kipaimara siku moja.

Wandugu, sisi sote tunajua urafiki wa kinywaji, wa biashara na wa kabila. Siku ya hatari, urafiki wa namna ile unatafuta njia ya kukimbia. Inchi yetu imeona jirani kumukana jirani. Daudi na Jildo wanatufundisha kwamba rafiki wa kweli anafanya mambo mawili: hataki mwingine afe kwa ajili yake, naye mwenyewe hamuachi mwenzake afe peke yake. Nguvu ile ilitoka katika sala ya kila alfajiri na ya kila magaribi.

Basi, katika Jubile hii tuwashukuru wakatekista wetu, na tuwaombe Wenye heri hawa watupatie warafiki wa kusali nao. Amina.