Bastola za Kale na Bahari ya Fundo

Kisiwa cha Fundo ni ukanda mwembamba wa ardhi ulio magharibi ya Pemba, upande wa Wete. Kati yake na visiwa jirani pana milango ya maji, na kwa milango ya namna hiyo majahazi yalikuwa yakipenya kwa siri kupeleka watumwa katika mashamba ya mikarafuu. Kwa mapatano ya tarehe 5 Juni 1873 Seyyid Barghash alikuwa amekataza biashara ya watumwa baharini. Lakini tufani ya 1872 ilikuwa imeangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikazidi kupanda, na watu wa kazi wakatakiwa. Kwa hiyo mashua za manowari za Kiingereza zilikaa zikivizia. Tarehe 3 Desemba 1881 Kapteni Brownrigg wa manowari London aliuawa karibu na Pemba akipigana na jahazi; na tarehe 30 Mei 1887 mashua ya manowari Turquoise, chini ya Luteni Fegen, ilipambana na jahazi jingine katika maji ya Pemba. Luteni alipigana kwa bastola na upanga, akajeruhiwa. Na watumwa waliookolewa walizidi 50.

Vita vya namna hii huacha visa, na visa hupenda kushikamana na vitu. Akija mtu na bastola yenye kutu, akasema, "Hii ni ya vita vile," sisi tuandikao mila na habari za kale tumjibu nini? Tusimkatae mzee, wala tusiandike upesi. Kwanza bastola ikaguliwe na mtu ajuaye silaha, isije ikawa na risasi ndani. Kisha tutafute chuma chenyewe kiliundwa lini.

Jina peke yake halitatusaidia. Neno bastola lilitujia kwa Wareno, nalo hutumika kwa silaha yo yote ya mkono mmoja, ya kale na ya sasa. Basi tumwulize mzee namna ilivyojazwa. Akisema baruti ilishindiliwa na kuwashwa kwa fataki, ni ya zamani zaidi. Akisema viasi vilitiwa kimoja kimoja kwa kijilango cha ubavuni, yaelekea kuwa ya Adams, waliyokuwa nayo askari wa Kiingereza kabla ya 1880. Akisema ilivunjwa shingo, mtutu ukainama mbele, ni ya namna ya Enfield au Webley. Hata neno kiasi lina habari yake: maana yake ni kipimo, nalo likawa jina la baruti na risasi zilizokwisha kupimwa na kufungwa pamoja.

Baada ya maneno, alama. Bastola ya Enfield ilikubaliwa na serikali mwaka 1880, ikasahihishwa 1882, na kuundwa kwake kukakoma 1889. Ubavuni pake pamepigwa taji, herufi V.R. za Malkia Victoria, jina la kiwanda, mwaka, na tarakimu I au II. Malkia alifariki Januari 1901. Baada yake huja E.R., na tangu 1910 G.R. Mshale mpana waonyesha mali ya serikali. Mishale miwili ielekeanayo ncha kwa ncha yaonyesha kwamba serikali imekwisha kuiuza. Tena nambari ya mwili na ya silinda zilinganishwe, maana fundi aweza kuunganisha bastola mbili zikawa moja.

Webley ya kwanza ya jeshi ilikubaliwa tarehe 8 Novemba 1887, yaani miezi mitano na zaidi baada ya vita vya Turquoise. Basi bastola ya namna hiyo haikuwamo katika mashua ile, hata kama kisa chake ni kitamu. Lakini tuangalie: Webley aliuza bastola nyingine kwa watu binafsi kabla ya hapo, na maofisa wa Kiingereza walikuwa wakijinunulia silaha, hizo hazina budi kupambanuliwa na zile za serikali.

Hapa ndipo wengi wakosapo. Mwaka uliopigwa katika chuma ni mwaka wa kuundwa, si mwaka wa vita. Enfield ya 1885 yaweza kuwa ilikuwamo mashuani. Yaweza vile vile kuwa ililetwa na mfanya biashara miaka 20 baadaye. Chuma chaweza kukanusha neno la mtu. Kulithibitisha peke yake hakiwezi.

Yafaa nini basi taabu hii? Habari za vita vile hutaja jina la Luteni na la manowari. Waliofungiwa jahazini huhesabiwa tu. Baadhi ya watu walionyang'anywa majahazi miaka ile walikabidhiwa misheni, kama ile ya Mbweni katika Unguja, nao walizaa watoto na kuwasimulia. Tukikubali bastola ya uwongo kuwa shahidi, siku itakapoumbuka watu watadhani na masimulizi yale ni uwongo. Mwalimu na aandike mambo mawili mbali mbali: hili ndilo asemalo mzee, na hili ndilo lisemalo chuma. Yakipatana, na tushukuru. Yasipopatana, asifute hata moja.