Mgombea asiyepigiwa upatu: Funzo la mchujo wa urais kwa wapiga kura wa Kipini

MPIGA kura wa Kipini, mji wa kale ulioko mahali Mto Tana unapoingia katika Bahari Hindi, humchagua Rais wa Kenya siku moja tu katika kila miaka mitano. Majina anayoyakuta kwenye karatasi ya kura siku hiyo huwa yamekwisha kuchujwa, aghalabu na watu wengine na mbali na kwao.

Kwa hiyo, swali la iwapo mgombea kutoka eneo dogo anaweza kupata tiketi ya chama kikubwa si la wanasiasa pekee. Ndilo huamua kama masuala ya ardhi, mafuriko ya Tana na uvuvi katika Ghuba ya Ungwana yatapata msemaji katika meza ya juu au la.

Mchujo ni uchaguzi wa ndani ya chama wa kumteua atakayepeperusha bendera yake. Sheria ya Vyama vya Kisiasa, ilivyorekebishwa mwaka 2022, inaruhusu njia mbili: wanachama wote kupiga kura, au wajumbe kupiga kura kwa niaba yao. Kwa tiketi ya urais, vyama vikubwa vimezoea njia ya pili, na kikao huwa kimoja.

Kasarani, 2007

Mfano ulio karibu zaidi na watu wa Pwani ni ule wa Najib Balala. Balala alikuwa meya wa Mombasa mwishoni mwa miaka ya 1990, akachaguliwa mbunge wa Mvita mwaka 2002 na kuwa waziri katika serikali ya Narc. Alipoteza uwaziri baada ya kura ya maamuzi ya Novemba 21, 2005, ambapo alikuwa katika kundi la Chungwa lililoipinga rasimu ya katiba.

Vuguvugu hilo la Chungwa liligawanyika mwezi Agosti 2007. Upande mmoja, ODM-Kenya, ulimteua Kalonzo Musyoka. Upande wa pili, ODM, ulikuwa na watu watano waliowania tiketi: Raila Odinga, Musalia Mudavadi, William Ruto, Joseph Nyagah na Balala, ambaye wakati huo hakuwa ametimiza miaka 40.

Wajumbe walikutana Septemba 1, 2007, katika Uwanja wa Michezo wa Moi, Kasarani. Dakika za mwisho, Balala na Nyagah waliondoa majina yao na kumuunga mkono Bw Odinga. Kura zilipohesabiwa, Bw Odinga alipata 2,656, Bw Mudavadi 391 na Bw Ruto 368.

Hesabu ya Pwani

Je, Balala angeweza kushinda kama angebaki kinyang'anyironi? Hesabu inaonyesha kwamba mlima ulikuwa mrefu.

Wakati huo Kenya ilikuwa na maeneobunge 210, na Mkoa wa Pwani ulikuwa na 21, yaani sehemu moja kwa kumi. Tukichukulia kwamba kila eneobunge lina idadi sawa ya wajumbe, na kwamba wa Pwani wote wangempa Balala kura zao, angepata takriban kura 340 kati ya zile 3,415 zilizopigwa. Hapo angekuwa bado nyuma ya Bw Ruto aliyeshika nafasi ya tatu.

Wala haikuwa lazima Pwani yote imfuate. Katika uchaguzi mkuu wa Desemba 27, 2007, eneobunge la Garsen, ambamo Kipini imo, lilimrejesha bungeni Danson Mungatana wa Narc-Kenya, chama kilichokuwa upande wa Rais Mwai Kibaki. Asili moja ya mwambao haikutosha kuunganisha kura.

Iowa na Kasarani

Wapo wanaouliza: mbona Marekani mtu asiyetarajiwa huweza kuibuka? Jibu liko katika utaratibu. Huko mchujo hufanywa jimbo baada ya jimbo kwa miezi kadhaa. Jimbo dogo linalotangulia humpa mgombea asiye na fedha wala jina nafasi ya kukutana na wapiga kura ana kwa ana, na matokeo mema humletea wafadhili na wafuasi katika majimbo yanayofuata.

Jimmy Carter, gavana wa zamani wa Georgia ambaye wengi hawakumjua, alijijengea jina Iowa mwaka 1976, na mwaka huo huo akachaguliwa Rais. Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa Mkenya, alishinda Iowa Januari 3, 2008, ilhali kura za maoni za kitaifa zilikuwa zimempigia upatu Hillary Clinton.

Kasarani haikuwa na Iowa yake. Mgombea alifika na wajumbe wake, kura zikapigwa, na jioni mambo yakawa yamekwisha. Hakuna aliyepewa wiki ya pili ya kuonyesha uwezo wake. Katika mchujo wa siku moja, anayeongoza asubuhi huwa ndiye anayeongoza jioni.

Faida ya kujiondoa

Hata hivyo, kushindwa mchujo si kutoka mikono mitupu. Katiba ya zamani ilimtaka mshindi wa urais kupata angalau asilimia 25 ya kura katika mikoa isiyopungua mitano kati ya minane. Pwani ilikuwa mmoja wa mikoa hiyo. Mtu mwenye wafuasi huko alikuwa na kitu cha kuweka mezani, hata kama hakuwa na wajumbe wa kutosha.

Hivyo Balala aliingia katika lile kundi la vinara wa ODM lililoitwa Pentagon. Serikali ya muungano ilipoundwa Aprili 2008, alipewa Wizara ya Utalii, ambayo aliishikilia hadi alipofutwa kazi Machi 2012. Baadaye alijiunga na upande wa Jubilee, akashindwa katika kinyang'anyiro cha useneta wa Mombasa mwaka 2013, kisha akateuliwa waziri.

Lakini faida hiyo ina mipaka. Uwaziri hutolewa na huweza kuchukuliwa na aliyeutoa. Na mwamba ngoma huvutia kwake: mazungumzo ya vinara huanza na vyeo, huku madai ya mvuvi wa Kipini yakisubiri.

Kanuni mpya

Katiba ya mwaka 2010 ilibadilisha hesabu. Sasa mshindi anahitaji zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti 47, yaani kaunti 24. Pwani iliyokuwa mkoa mmoja sasa ina kaunti sita: Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta.

Katika sharti hilo la robo ya kura, Tana River yenye wapiga kura wachache ni sawa na Nairobi yenye mamilioni ya watu: kila moja ni kaunti moja. Huo ni uzito ambao Kipini haikuwa nao mwaka 2007.

Uzito huo, hata hivyo, hupimwa siku ya uchaguzi mkuu, si siku ya mchujo. Mwaka 2022 William Ruto wa UDA na Raila Odinga wa Azimio waliidhinishwa na wajumbe bila kura ya ushindani. Mradi tiketi inaendelea kutolewa hivyo, nafasi ya mgombea asiyepigiwa upatu itabaki kuwa ya kujadiliana, si ya kushinda. Na wakazi wa Kipini watakuwa na haki ya kumuuliza yeyote anayejadiliana kwa jina lao: amewaombea nini, na lini kitafika?