Tuisheni katika Mlango wa Udaktari Marekani

Mwaka 1928 vyuo vya udaktari vya Marekani vilianza kuwapima waombaji kwa mtihani uliotungwa na Fred Moss, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha George Washington. Haja ilikuwapo: miaka ya 1920 baadhi ya vyuo vilipoteza hadi nusu ya wanafunzi kabla hawajahitimu. Moss aliamini kwamba karatasi za maswali zingeweza kubaini mapema nani ana kipaji cha kuusomea udaktari. Lakini tuangalie alichokipima: kumbukumbu, istilahi za sayansi, ufahamu wa maandishi, hoja za kimantiki. Sehemu kubwa ya hayo hufundishika, na aliyepata walimu bora huyaweza zaidi. Kwa hiyo mtihani uliobeba jina la kipaji ulipima pia shule ambayo mtahiniwa alitoka, na ndiyo maana tangu hapo alama zake zimeweza kupandishwa.

Aliyeielewa hali hiyo mapema ni Stanley Kaplan, aliyeanza kutoa tuisheni mwaka 1938 nyumbani kwa wazazi wake huko Brooklyn. Yeye mwenyewe alitaka kuwa daktari. Alihitimu City College, chuo cha umma, kwa alama za juu, lakini vyuo vya udaktari vilimkataa. Aliamini kosa lake lilikuwa Uyahudi wake na chuo alichotoka, na ni kweli kwamba enzi hizo vyuo vingi viliwawekea Wayahudi kikomo. Hapa ndipo wanaotaka mtihani ufutwe wanapopaswa kusita. Pasipo alama, mlango hubaki mikononi mwa wenye kujuana, na kijana wa familia isiyo na jina hana cha kuweka mezani.

Watunga mitihani walijitetea kwa muda mrefu kwamba tuisheni haisaidii kitu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Tume ya Biashara ya Shirikisho iliuchunguza mtihani mwingine, SAT wa kuingia vyuo vikuu, ikakuta kwamba tuisheni iliwapandishia alama baadhi ya wanafunzi, ingawa si kwa kiwango kikubwa. Wapo wanaosema ongezeko dogo kama hilo halina uzito. Lina uzito, kwa sababu nafasi ni chache na waombaji wengi wamekaribiana mno. Tena tuisheni ya wiki chache ni kipande tu cha maandalizi. Kikubwa zaidi ni maabara, vitabu na miaka ya kufundishwa vizuri, vitu ambavyo havikugawanywa sawa hata kidogo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Wakfu wa Robert Wood Johnson ulianza kugharimia masomo ya kiangazi, wiki sita hivi, kwa vijana wa jamii zenye madaktari wachache: sayansi, mazoezi ya mtihani, ushauri wa kuomba nafasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 ulikuta kwamba waliopitia huko walidahiliwa kwa kiwango cha juu kuliko wenzao wa jamii hizohizo ambao hawakupitia.